Ongeza Kidogo Tu

Haya yalimpata shangazi yangu, aliyekuwa na studio ya picha karibu na stendi. Si mwoga. Nyoka akiingia ndani, baba hupanda juu ya kiti, shangazi hufuata fagio.

Mchana mmoja, jua linawaka, aliingia mshonaji wa mtaa wa pili. Mama mcheshi, akicheka anabonyea kishimo shavuni. Siku hiyo hakucheka. Alikuwa ametoka kumzika bintiye, na kwenye simu alibakiwa na picha moja tu: binti kasimama nyuma ya wenzake, uso mdogo kama punje ya hindi.

"Mdogo wangu, nikuzie iwe ya ukutani. Ila isipoteze ubora."

"Dada, picha ndogo ukiivuta inakuwa ukungu mtupu. Kompyuta itakisia tu palipopungua. Inaweza kututolea mtu mwingine kabisa."

"Jaribu."

Wakakaa bega kwa bega mbele ya kioo cha kompyuta. Shangazi akaikuza. Alitegemea ukungu, ikatoka safi. Kope zilionekana mojamoja. Juu ya jicho pakajitokeza kovu la tetekuwanga.

Mama akajiziba mdomo. "Hilo kovu hata mimi nilishalisahau. Ongeza."

Akaongeza. Vikaja vinyweleo, mikunjo ya midomo, kishimo cha shavuni.

"Hicho kachukua kwako," shangazi akasema, akageuka awalinganishe.

Mama alikuwa anatabasamu. Shavu lake lilikuwa tambarare.

Shangazi akafikicha macho. Labda uchovu.

"Ongeza," mama akanong'ona.

Kwenye kioo, ngozi ya binti ilikuwa hai, hadi jasho la puani. Shangazi akatazama pembeni. Nyusi za mama hazikuwepo. Hazikunyolewa. Zilikuwa zimefifia, na pua nayo inafifia.

"Dada... uso wako."

"Najua. Nausikia unaondoka."

"Basi nafunga."

"Usifunge. Namwota kila nikilala. Huko aliko hana uso. Ongeza kidogo tu."

Shangazi akamgusa shavu kwa kidole gumba. Baridi. Laini kama sahani. Kabla hajautoa mkono, wa mama ukapita chini yake, ukabonyeza kitufe.

Binti akapepesa macho.

Shangazi akang'oa waya ukutani. Kioo kikawa cheusi. Mama akainuka, akajitanda mtandio mpaka usoni.

"Asante, mdogo wangu. Ameridhika."

Akaondoka bila picha.

Mpaka leo yule mama anashona. Watu wanampita bila salamu, na si kwa kiburi. Wanamwona, lakini akishapita hakuna anayeikumbuka sura yake. Mjukuu wake akibebwa naye hulia mpaka pumzi zinamkatika.

Shangazi aliifunga studio. Hakuwahi kusema kwa nini, hadi juzi aliponiomba nimsaidie kufungua simu. Anaweka gumba, simu inakataa. Anafuta, anaweka tena, inakataa.

Nikamshika mkono nitazame. Vidole vingine vilikuwa na mistari yake. Gumba halikuwa na hata mmoja.

"Usiniguse hapo," akanong'ona, akauvuta mkono haraka.

Nilikuwa nimeshaona. Ulaini ule ulikuwa umefika katikati ya kiganja.