Njia Iliyofagiwa

Kila asubuhi kabla ya shule, Edilma alikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyemshukuru kwayo: kuvuruga njia ya sisimizi wakata majani. Kichuguu chao kilikuwa nyuma ya nyumba, nje kidogo ya mji wa Barichara, na hapakuwa na ruhusa ya kukigusa. Kila mwaka, mvua za Aprili zikishapisha jua, malkia wenye mabawa walitoka humo kwa wingi, na Bibi Hersilia akawakaanga kuwa kitoweo. Kichuguu hicho alikuwa amekirithi kwa mama yake, kama wengine wanavyorithi ng'ombe. Kwa bahati mbaya, sisimizi hao hao waliipenda mno miche ya michungwa ya Baba.

"Usifagie tu," Bibi alikuwa amemwonya. "Sisimizi akipata jani tamu, akirudi anagusisha tumbo chini na kuacha harufu. Mwenzake anaifuata, naye anaongeza yake. Ufagio unaondoa sisimizi, hauondoi harufu. Pindua udongo kwa jembe, halafu mwaga maji ya majivu."

Jembe lilikuwa zito, na majivu yalichafua soksi. Edilma akafagia.

Binamu yake Yesid, aliyempitia waende shule, alicheka. "We Edilma, unawapambia njia? Watadhani leo kuna maandamano ya mtakatifu!"

"Nyamaza, domokaya!"

"Umepindua udongo?" Baba aliuliza kutoka jikoni.

"Ndiyo, Baba."

Jibu hilo lilirudiwa asubuhi zilizofuata, na kila mara lilitoka kwa urahisi zaidi.

Jumamosi miche yote ilikutwa imebaki vijiti vitupu. Baba hakupiga kelele. Alichuchumaa akaitazama kwa muda mrefu.

"Mama," alisema hatimaye, "mtoto amepindua udongo kila siku, na bado wamefika. Kichuguu hiki dawa yake ni sumu tu."

Bibi alimgeukia Edilma. "Kweli ulipindua, mjukuu wangu?"

"Nilipindua, Bibi."

Bibi alimtazama mwanawe. "Basi weka hiyo sumu, Eliseo."

Baba alitawanya punje za sumu kando ya njia. Hakuhitaji kumlazimisha yeyote. Sisimizi walizibeba wenyewe hadi ndani, wakifuata harufu ile ile ambayo ufagio haukuiondoa. Edilma alitazama mstari ule mpaka akashindwa kuvumilia.

"Baba, zuia! Nilifagia tu! Sikupindua!"

Baba alipiga magoti akaanza kuokota. Alizopata zilikuwa chache. Zilizokwisha kuingia hazikuwa na njia ya kurudi.

Michungwa ilipandwa upya, na hakuna sisimizi aliyeikaribia. Tatizo lilikwisha, haki inatutaka tuseme hivyo. Kisha Aprili ikafika. Mvua ilinyesha, jua likatoka, majirani wakakimbilia vichuguu vyao na ndoo, wakitaniana na kupiga mayowe kila walipoumwa vidole. Kwenye kichuguu cha Bibi hakutoka hata malkia mmoja.

Edilma alimkuta Bibi jikoni akimenya muhogo.

"Bibi, mwalimu anasema sisimizi ni wakweli, eti tuwaige."

"Anawasifu bure," Bibi alijibu bila kuinua macho. "Sisimizi hadanganyi kwa kuwa hana akili ya kudanganya. Anayeacha harufu hachagui, na anayeifuata hachagui. Wewe ulichagua. Ulituachia neno, mimi na baba yako tukalifuata bila hata kwenda kuutazama udongo, kwa sababu limetoka kwako. Ndiyo hatari ya kuaminiwa, mjukuu wangu: ukidanganya, watu wanakwenda na uongo wako hadi mwisho. Ukikosea, sema hapo hapo, kabla mtu hajachukua hatua."

"Bibi, utanisamehe?"

"Nilikusamehe siku ile ile," Bibi alisema, akimsogezea kisu cha pili. "Lakini msamaha haukaangwi. Leo tunakula muhogo."