Baiskeli kwa Kitabu Kimoja

Kila alasiri Bi Sheikha hukaa mlangoni kwake ghorofani, mtaani Kibokoni, akikaanga bajia. Binti yake Lamis hukaa kando akijifunza kusoma. Mwalimu wake wa shuleni alikuwa ameonya: mtoto yuko darasa la tatu, na sentensi moja bado yamshinda.

Basi Sheikha akaahidi. "Kisome kitabu hiki chote bila kukosea, nikununulie baiskeli."

Haukupita muda, Lamis akawa anakisoma mbele yake, mfululizo kama maji. Mama akamshukuru Mungu. Mara upepo ukafunua kurasa mbili pamoja. Lamis hakusita hata kidogo; aliendelea na maneno ya ukurasa uliopita.

"We Lamis! Mbona kidole kiko sokoni na mdomo bado uko kisimani?"

Lamis akaangua kilio. Kumbe alimwomba binamu yake Saif amsomee, kisha yeye Lamis akakihifadhi kitabu chote kwa moyo, kama watoto wanavyohifadhi sura za Kurani chuoni.

Sheikha akaepua bajia. Akamwendea Mwende, mpangaji wa chini, mwalimu wa chekechea.

"Nimeahidi baiskeli nzima, Mwalimu! Ningeahidi nini tena? Gari?"

Mwende akacheka. "Zawadi ni kubwa mno, Mama Lamis. Mtoto ameiangalia baiskeli, hakuyaangalia maneno. Na kwa hofu ya kuikosa, ameficha asichokijua."

"Sikuelewi. Fundi nikimwongezea malipo, hupaka chokaa vizuri zaidi."

"Fundi kazi yake aijua tayari. Lamis ndio kwanza anajifunza. Anayejifunza lazima akosee. Mpe kitu kidogo, papo hapo, kila anapojaribu neno jipya. Hata punje ya ubuyu yatosha."

"Amekosea, nami nimpe ubuyu?"

"Kwa kujaribu, si kwa kukosea. Kisha mrekebishe, umsifu."

"Nipunguze zawadi ndipo masomo yazidi! Hesabu gani hiyo?" Sheikha akashika kichwa. "Na ahadi yangu je?"

"Baiskeli mpe siku ya Idi. Usiifunge na kitabu."

Sheikha akarudi juu akinung'unika. Hata hivyo, kesho yake alitafuta kitabu ambacho Saif hajawahi kukiona.

"M... mbu... mbuni?"

"Karibu upate. Shika ubuyu. Tazama tena herufi ya nne."

"Mbuzi!"

"Haya, mashallah!"

Siku za kwanza kazi ilikuwa nzito. Lamis alitafuna ubuyu zaidi ya maneno, na mama yake bado hakuamini. Lakini machozi yalikoma. Neno likimshinda, mtoto alisema wazi, "Hili silijui."

Alasiri moja walifika mahali kitabuni ambapo mbuzi katumbukia shimoni. Lamis akasoma sentensi nzima, polepole, peke yake. Sheikha akamnyooshea ubuyu.

Lamis akausukuma mkono ule bila kuutazama. "Ngoja kwanza, mama. Nataka kujua kama atatoka."

Bajia zikaungua. Sheikha hakuziona. Na yeye pia alitaka kujua.