Gome la Upande Mmoja

Walikutana kwenye foleni ya duka la simu, wote wakiitaka chaja moja iliyobaki. Mwanamke alikuwa nesi, sare nyeupe imenyooka, viatu vimechoka. Mwanamume alikuwa fundi wa gemu za simu, na shati lake halijaonja pasi.

"Chukua wewe, dada. Mimi nitakupigia kwa moyo."

"Acha maneno yako!" Nesi akacheka, lakini namba akatoa.

Basi, mapenzi yakakolea. Punde Fundi akawa anashinda kwa bibi wa Nesi, mganga wa mitishamba, akimrekodi akieleza dawa moja baada ya nyingine ili watoto wajifunze kwa gemu. Moyo wa Bibi ulikuwa umechoka, na katika ukoo mzima hakuna aliyejifunza kazi yake.

"Fanya haraka, mume wangu," Bibi alimtania. "Mimi nina safari."

Gemu ilipotoka, Nesi aliifungua kazini. Akabandua gome la mti, akapata pointi. Gome likaota papo hapo. Akabandua mti mzima, na sauti ya Bibi ikasema, "Hongera!"

Akampigia Fundi simu. "Bibi alikufundisha kubandua upande mmoja tu, mti upone! Unafundisha watoto kuua miti, tena kwa sauti yake?"

"Mpenzi, ni mchezo tu. Bila hivyo wangechoka…"

Akakata. Wiki tatu hakupokea simu. Jamani, wiki tatu kwa wapendanao! Ya nne ilipoanza, Bibi akafariki.

Siku iliyofuata mazishi, Fundi aliingia matangani, uani kwa Bibi, amejiinamia, akampa Nesi simu. "Nimeirekebisha."

Nesi akabandua upande mmoja. "Inatosha, mwanangu," sauti ya Bibi ikasema, nzito, ya kuchoka. "Mwachie na mwenzio."

Akabandua pande zote. Mti ukakauka. Akangoja, haukuota tena.

"Maneno haya aliyasema lini?"

"Wiki iliyopita. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinigombeza hadi akakohoa, kisha akasema, washa mashine yako."

Hapo Nesi akalia kilio ambacho hata makaburini hakikutoka. Kumbe Bibi aliondoka moyo wake umetulia.

"Na mimi alinisema?"

"Alisema hasira zako amekurithisha yeye. Nisichoke kukupigia simu."

"Mbona jana hukupiga?"

"Jana nilikuwa nabeba jeneza."

Nesi akamshika mkono, mbele ya wajomba zake wote, na hakuuachia.