Anayewaandikia Wasiomjua

Stima ilipopotea Kisii mjini siku ya soko, Bonareri alitoka mbio na kompyuta kifuani, vifungo vya sweta yake ya kijani vimefungwa kombo. Alikuwa na makala ya kumalizia, na mwenye kazi, mzungu ambaye hajawahi kumwona wala kumsikia, hangoji mtu. Jenereta ilinguruma kwenye kibanda kimoja tu, cha Thadeus, fundi wa simu. Watu walijaa hadi mlangoni. Thadeus alimwondolea simu moja kwenye soketi, akamwuliza kama anachaji kompyuta au moyo.

Bonareri alicheka. Wiki nzima hakuwa amecheka na mtu, maana kazi yake ya mtandaoni haina ofisi wala mwenzake wa kupiga naye domo. Aliandika kuhusu mbwa wa Ulaya, mazulia, ndoa za watu. Makala zikitoka, zinabeba jina la mtu mwingine. Majirani walimwona amejifungia chumbani, wakasema ni mvivu.

Walipeana namba za simu, na mapenzi yakakolea. Thadeus alimpigia kila mchana, "Mrembo wangu, bado unabishana na kompyuta?" naye akamjibu kwamba kompyuta angalau haina wivu. Siku yake yote ikawa ni kungoja simu hiyo.

Kisha wakaenda Nyamira kuonana na mama yake Thadeus. Bonareri alivaa gauni la zambarau alilolipiga pasi mara mbili. Chai ikamiminwa, mama akauliza kwa upole binti anafanya kazi gani. Kabla hajajibu, Thadeus akamjibia.

"Bado anatafuta, Mama."

Wakirudi, Thadeus alijitetea kwamba kumweleza mama mambo ya mtandao ni kujitafutia maswali. Bonareri alipofika kwake akazima simu. Kudharauliwa na dunia nzima alishakuzoea, lakini kudharauliwa na huyu kulimwumiza. Wiki zikapita akiandika furaha za watu wengine huku chai yake ikipoa mezani.

Jumapili moja Thadeus akabisha mlango, amekonda, shati halijaona pasi.

"Nimekosa, Bona. Niambie nifanye nini."

"Mpigie mama yako. Sasa hivi, nikisikia."

Alipiga, akaweka spika, wakaongea Ekegusii, lugha ya kwao. "Mama, nilikudanganya. Bonareri ana kazi. Ni mwandishi."

"Anamwandikia nani?"

Thadeus alimtazama mpenzi wake. Hakujua, kwa sababu hakuwahi kuuliza. Bonareri akaichukua simu.

"Watu wasionijua, mama. Wako mbali. Nashinda hapa chumbani nikiwaandikia."

Mama akamwuliza, "Na mchana unakula na nani, binti yangu?"

Thadeus alifungua mdomo, akaufunga. Safari hii alimwacha ajibu mwenyewe.

"Peke yangu, mama," Bonareri alisema, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile, akalia mbele ya watu.