Viluwiluwi Kwenye Ndoo za Mchicha

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Fundi alipitia uani kwanza. Mtaa mzima ulimwita Fundi kwa sababu alikuwa mshonaji katika karakana ya nguo. Uani kwake kulikuwa na ndoo tisa, zimepangwa kando ya ukuta. Tatu zilikuwa za mchicha na mbili za nyanya. Nyingine zilikuwa na pilipili hoho, kotimiri, mnanaa na rehani.

Siku hiyo mama mkwe wake alikuwa amesimama mlangoni.

"Umeshazisalimia ndoo?" aliuliza. "Maana mimi mama wa mumeo sijasalimiwa bado."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Haya, nenda kazini. Mchicha hauna miguu, utaukuta."

Fundi alicheka. Mumewe alikuwa dereva wa lori, na safari zake zilichukua wiki nyingi. Kwa hiyo mama mkwe alihamia kwao ili mkwe wake asikae peke yake. Mwanzoni waliogopana. Sasa walitaniana.

Zamani mboga za Fundi zilikuwa zikifa. Maji ya bomba yalitoka mara mbili tu kwa wiki. Fundi aliondoka asubuhi, akarudi jioni na kukuta majani yamelala. Kisha mwenzake wa karakanani akamfundisha kutengeneza chungu kinachojinywesha. Unachukua ndoo mbili safi, zilizokuwa na mafuta ya kula. Ndoo ya juu unaitoboa chini na kuijaza udongo na mbolea. Unapitisha utambi wa kitambaa kwenye tundu, uning'inie hadi ndoo ya chini. Ndoo ya chini unaijaza maji kupitia kipande cha bomba kilichosimamishwa kwenye udongo. Utambi unanyonya maji, udongo unakunywa polepole. Ukijaza mara moja, mboga zinakaa wiki nzima.

Mama mkwe alipoziona mara ya kwanza alipiga kofi pajani.

"Mboga zinazojinywesha! Kesho utaniletea kuku anayejichinja."

Lakini baada ya wiki sita mchicha ulijaa. Mama mkwe akaacha kucheka. Kila alasiri aliweka kigoda kando ya ndoo, akachambua mboga za jioni. Mara kwa mara alijipiga miguuni.

"Mbu wa hapa hawana adabu," alisema. "Wanauma mchana kweupe!"

"Rehani itawafukuza, Mama. Wanachukia harufu yake."

Hapo ndipo walipokosea wote wawili.

Jumanne moja Fundi alirudi akakuta kigoda kiko uani peke yake. Mchicha ulikuwa umeachwa kwenye ungo, umenyauka. Mama mkwe alikuwa kitandani, amejifunika hadi kichwani.

"Mama! Una nini?"

"Mifupa, mwanangu. Mifupa yote inauma. Na macho, kama mtu anayasukuma kwa ndani."

Fundi alimgusa. Alikuwa anawaka. Akamfunga kanga, akamshika mkono, wakaenda zahanati.

Muuguzi alimtoa damu. Walisubiri kwenye benchi. Fundi alikuwa na hakika kwamba ni malaria.

"Si malaria," alisema muuguzi. "Ni homa ya dengi. Haina dawa ya kuiua. Tunausaidia mwili upambane. Anywe maji mengi. Mpe parasetamo tu. Ana dawa nyingine yoyote anayotumia?"

Mama mkwe alifungua mkoba wake shingo upande. Akatoa vidonge vyake vya maumivu ya viungo.

"Hivi hapana," alisema muuguzi. "Aspirini na dawa za jamii hii zinaweza kumfanya atoke damu. Na wewe, mkwe, nisikilize vizuri. Homa ikishuka, usifurahi haraka. Hapo ndipo hatari inapoweza kuanza. Ukiona tumbo linauma sana, anatapika, au fizi zinatoa damu, mlete hapa mbio."

"Ameipata wapi?" aliuliza Fundi.

"Kwa mbu. Mweusi, mwenye madoa meupe miguuni. Anauma mchana. Anazaliana kwenye maji yaliyotuama, hukuhuku majumbani kwetu."

Fundi alizikumbuka ndoo zake.

Walipofika nyumbani, alimlaza mama mkwe ndani ya chandarua, kama muuguzi alivyoagiza. Mbu akimuuma mgonjwa, anaweza kuupeleka ugonjwa kwa mwingine. Kisha Fundi akatoka uani. Akainua ndoo ya juu ya rehani.

Maji ya chini yalikuwa yanacheza. Vidudu vyembamba vilipinda na kukunjuka, vikashuka chini vilipoona mwanga, vikapanda tena. Vilikuwa vingi mno. Vilikuwa viluwiluwi, watoto wa mbu.

Aliangalia kushoto na kulia kama mwizi. Akayamwaga yale maji kwenye mfereji wa nyuma, akarudisha ndoo mahali pake. Zile nane nyingine hakuzifungua. Aliogopa atakachokiona.

Simu ikalia. Ilikuwa ya mumewe.

"Mama yukoje?"

"Ana homa. Tumetoka zahanati. Anapumzika."

"Mtunze, mke wangu. Nimekuachia wewe."

Angesema nini? Kwamba amemfugia mama yake mbu?

Usiku na mchana alimnywesha maji. Alihesabu pumzi zake. Kila mama mkwe alipoguna, Fundi aliruka.

Alhamisi mtu akabisha hodi. Alikuwa Bwana Afya wa mtaa. Alikuwa amevaa buti, na mkononi alishika tochi na upawa mweupe wa kuchotea maji.

"Tumepata wagonjwa wa dengi mtaani," alisema. "Napita nyumba kwa nyumba. Mna maji yoyote yaliyotuama?"

Fundi aliziba mlango kwa mwili wake. Alikumbuka habari za watu kutozwa faini. Aliwaza jirani zake wakimnyooshea kidole.

"Hakuna," alisema.

"Hata uani?"

"Hata uani. Nina mgonjwa, Bwana. Naomba tusimsumbue."

Bwana Afya alimtazama kidogo. "Pole kwa kuuguza. Nitapita siku nyingine. Ila uwe macho. Kwa Msusi, jirani yako hapo, kuna mtoto mchanga, na kichanga hawezi kusema anaumwa wapi."

Akachora alama ya vema mlangoni kwa chaki, akaenda zake.

Fundi alisimama akiiangalia ile alama. Kupitia ukuta alimsikia mtoto wa Msusi akilia. Ukuta ule ulikuwa mfupi. Hata kuku alikuwa akiuruka. Mbu je?

Jumamosi asubuhi homa ya mama mkwe ilishuka. Alikaa kitandani, akaomba chai.

"Nimepona," alisema. "Kifo kimenikataa. Kimesema nina maneno mengi."

Fundi alicheka, kisha kicheko kikakatika. Alikumbuka maneno ya muuguzi. Hakwenda kazini. Alikaa kwenye kiti karibu na kitanda, akimtazama.

Kabla ya saa sita mchana mama mkwe alishika tumbo. Alitapika mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Alipojifuta mdomo, kitambaa kilikuwa na damu.

Fundi hakumbuki jinsi alivyofunga nyumba. Alisimamisha bajaji, akamshikilia njia nzima.

"Mama, usilale. Nitukane, lakini usilale."

"Sina... nguvu za kukutukana," alisema mama mkwe. Mikono yake ilikuwa baridi na majimaji.

Zahanati walimwekea dripu mara moja. Muuguzi alimpima shinikizo la damu, akampima tena baada ya muda mfupi. Fundi alisimama ukutani, mikono kichwani. Saa mbili zilipita. Hatimaye muuguzi akamgeukia.

"Shinikizo linapanda. Umefanya vizuri kumleta mapema. Ungengoja hadi kesho, tungekuwa tunaongea mengine."

Fundi alipiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, nisamehe. Mbu wametoka kwenye ndoo zangu. Niliwaona viluwiluwi. Nikamdanganya Bwana Afya. Nimekuponza mimi."

Mama mkwe aligeuza uso ukutani. Fundi alidhani amekasirika.

"Hata mimi niliwaona," alisema kwa sauti ndogo. "Wiki mbili sasa. Nikadhani ni wadudu wa maji tu. Nikaogopa kukwambia. Nilijua utazitupa ndoo, na mimi nimeshazoea ule mchicha."

Walitazamana. Machozi yakamtoka Fundi.

"Acha kulia," alisema mama mkwe. "Hapa nina muuguzi. Yule mtoto wa Msusi ana nani? Nenda ukamwambie Bwana Afya ukweli. Sasa hivi."

Fundi alimkuta Bwana Afya mwisho wa mtaa, akiangalia pipa la maji.

"Nilikudanganya," alimwambia, akihema. "Nina ndoo tisa uani. Zina viluwiluwi."

Alisubiri kufokewa. Bwana Afya alifunika pipa, akachukua tochi yake.

"Twende tukazione," alisema.

Walifungua ndoo moja baada ya nyingine. Nne zilikuwa na viluwiluwi.

"Basi nimemuua mama mkwe wangu. Amelazwa zahanati," alisema Fundi.

"Hajafa. Na mbu hana kitambulisho. Wiki hii nimekuta viluwiluwi kwenye tairi, kwenye pipa, hata kwenye bakuli la kuku. Aliyemuuma mama alizaliwa wapi, sijui, nawe hutajua. Ila hawa hapa tumewakuta. Hawa ni wa kwetu."

"Utazivunja ndoo?"

"Nivunje chakula? Hapana. Ndoo hazina kosa. Umemwachia mbu mlango wazi. Tazama." Alielekeza tochi kwenye kipande cha bomba. "Hapa ameingia. Na hapa, kwenye tundu la pembeni la kutolea maji yaliyozidi. Hili tundu usilizibe kabisa, maana mvua ikinyesha mizizi itaoza. Liwekee wavu. Na hapa ndoo mbili zinapokutana, pana mwanya. Zungushia mpira wa tairi, ubane."

"Lakini niliweka rehani iwafukuze."

"Rehani ikiwa imesimama tu haimfukuzi mbu. Na hiyo ndoo ya rehani, mbona chini ni kavu?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Ilikuwa imejaa viluwiluwi. Nilimwaga kwenye mfereji."

"Mfereji una maji, wataendelea kuishi humo. Nitakwenda kuutia dawa. Siku nyingine mwaga kwenye udongo mkavu, juani. Hapo wanakufa. Kisha sugua ndoo kwa brashi, ndani pande zote. Mayai yanagandia ukutani, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi. Yakipata maji yanaanguliwa. Fanya hivyo kila wiki. Usiruke wiki, kwa sababu siku saba hadi kumi zinamtosha kutoka yai hadi mbu anayeruka."

Walimwaga na kusugua hadi jioni. Kisha ikabaki kazi ngumu kuliko zote. Fundi alikwenda kwa Msusi.

Msusi alisikiliza hadi mwisho, mtoto akiwa begani. Alimbusu mtoto, akamgusa paji la uso, akamgusa tena.

"Leo hana joto," alisema. "Kesho akiwa nalo, sijui nitakutazamaje."

"Najua," alisema Fundi.

Alimkatia kipande cha chandarua kipya kwa ajili ya kitanda cha mtoto, alale humo hata mchana. Kila asubuhi, kwa wiki mbili, alisimama mlangoni kwa Msusi akiuliza neno moja tu: "Joto?" Na kila asubuhi aliogopa jibu.

"Hana," Msusi alijibu. Siku ya kumi na nne aliongeza: "Ingia. Usisimame nje kama mdai."

Mama mkwe alikaa zahanati siku nne. Alirudi amekonda, anatembea kwa kushika ukuta, lakini ulimi wake ulikuwa mzima. Alimkuta Fundi kwenye cherehani, akishona vikofia vidogo vya chandarua kuukuu, vyenye lastiki pembeni.

"Nani atavaa hivyo? Panya?"

"Ndoo, Mama. Kikofia kimoja kwa kila mdomo wa bomba. Ukijaza maji, unakivua. Ukimaliza, unakirudisha."

"Basi shona vingi. Nimeshamwambia kila mtu zahanati."

Na kweli watu walikuja. Kwanza alikuja Msusi, akitaka ndoo mbili za kotimiri. Kisha wakaja wengine. Fundi aliwaonyesha utambi, tundu, mpira na vikofia. Kila Ijumaa jioni mama mkwe alikaa kwenye kigoda chake, akipaza sauti mtaa wote wasikie: "Ijumaa hiyo! Brashi!" Waliocheka waliona aibu, wakasugua.

Baada ya miezi miwili Bwana Afya alirudi na tochi na upawa wake. Sasa mtaa ulikuwa na ndoo thelathini na moja. Mwezi mzima hakuna aliyekuwa ameugua dengi. Alianzia uani kwa Fundi.

Msusi alikuja akiwa amembeba mtoto mgongoni, amelala. Mama mkwe alisogeza kigoda chake karibu. Fundi alivua kikofia cha kwanza, akainua ndoo.

Bwana Afya alichota. Akamulika.

"Hakuna kitu," alisema.

"Angalia tena," alisema Fundi.

Bwana Afya alichota tena, kutoka chini kabisa. Safari hii alimpa Fundi upawa auangalie mwenyewe. Fundi aliuelekeza juani, akauinamia karibu, akatazama kwa muda mrefu.

Maji yalikuwa maji tu.