Mtafiti Mkuu ni Mimi

"Naomba kuongea na Mtafiti Mkuu."

"Unaongea naye."

Upande wa pili nikasikia karatasi zinafunuliwa.

"Samahani, dada. Kwenye fomu Mtafiti Mkuu ni mwanaume. Ana shahada mbili. Wewe ni... ngoja nikutafute... wewe umeandikwa fundi msaidizi."

Nilikuwa mbele ya tanuri, udongo umenifika viwikoni, simu nimeibana kati ya sikio na bega. Nilidhani amekosea namba.

"Fundi msaidizi wa nani?"

"Wa Mtafiti Mkuu. Mjulishe kwamba ombi lenu la ruzuku ya utafiti limevuka hatua ya kwanza. Wakaguzi watakuja Jumatano saa nne asubuhi, waone karakana na kumbukumbu za majaribio."

Akakata. Habari niliyoiombea miezi minne, na nilishindwa hata kutabasamu.

Ngoja niwaeleze. Mimi ni mfinyanzi. Nafinyanga chujio la maji lenye umbo la chungu. Unachanganya udongo na unga wa mbao, unachoma, unga unaungua na kuacha vitundu vidogo ambavyo maji yanapita na uchafu unabaki. Ukizidisha unga, maji yanapita mbio na uchafu wake. Ukipunguza, hayapiti kabisa. Kipimo sahihi bado nakitafuta, na kwa ajili hiyo tu niliitaka ruzuku ya serikali. Karakana ni yangu, na msaidizi wangu ni mmoja, shangazi yangu, ambaye mdomo wake unafanya kazi kuliko mikono.

Fomu ilikuwa na kurasa thelathini na moja. Niliisoma yote, nikachoka. Mchumba wangu anafundisha chuoni. Shangazi alimpa jina la Msomi, nalo likamganda.

"Niachie mimi, mpenzi," aliniambia. "Hizi fomu zina lugha yake."

Nikamwachia. Aliporudi nayo nilisaini kila mahali alipoweka alama ya kalamu, bila kusoma tena. Hilo ni kosa langu na silikatai.

Nikampigia pale pale.

"Tumepita!" akapiga kelele kabla sijasema neno. "Wamenitumia barua pepe sasa hivi. Nilikwambia!"

"Kwa nini mimi ni fundi msaidizi?"

"Aa, hilo. Kipengele cha saba kinasema Mtafiti Mkuu awe na shahada. Ni karatasi tu, mpenzi."

"Na cha nane?"

"Cha nane kinasemaje?"

"Asiye na shahada aonyeshe kumbukumbu za majaribio za miaka mitano. Nilikisoma kabla sijakupa fomu."

"Kumbukumbu zako ziko wapi? Vile vyungu?"

"Ndiyo. Vile vyungu."

Akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha mapenzi kabisa, cha mtu anayemcheka mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Kiliniuma kuliko ile fomu.

Vile vyungu ni hivi. Mwaka wa kwanza niliandika majaribio kwenye daftari, mchwa wakalila. Nikasema basi, nitaandika mahali ambapo mchwa hana meno. Tangu hapo, kabla chungu hakijakauka nakichora kitakoni kwa msumari: namba, tarehe, vikombe vya udongo, vikombe vya unga. Kikishachomwa na kupimwa nakwaruza matokeo pembeni. Vizuri nauza. Vilivyopasuka na vilivyoshindwa vinabaki rafuni, kimoja kimoja kwa mpangilio wa namba. Vilikuwa mia mbili na kumi na vinne, miaka sita ya maisha yangu.

Jumanne mchana nilikwenda kwa seremala kuchukua unga wa mbao. Niliporudi, Msomi alikuwa mlangoni, mikono ya shati ameikunja, ufagio mkononi.

"Fumba macho," akasema.

"Nina gunia kichwani, nifumbe macho niende wapi?"

"Basi ingia uone."

Nikaingia. Ukuta umepakwa chokaa. Sakafu inang'aa. Rafu zimefutwa vumbi, na juu yake kuna machujio sita mapya yasiyo na doa, na katikati maua ya plastiki.

Gunia lilinishuka lenyewe.

"Viko wapi?"

"Nini?"

"Vyungu vyangu."

"Vile vibovu? Nimemwita mtu wa mkokoteni. Vimefukia lile shimo la barabara ya nyuma. Majirani wameshukuru sana." Akatabasamu. "Mpenzi, ulitaka wakaguzi wakute vigae mia mbili vya kushindwa?"

Nikapitisha mkono kwenye rafu.

"Umefukia utafiti wangu shimoni."

"Nimefukia takataka. Utafiti uko kwenye andiko, nimeupanga vizuri. Nimeandika majaribio yote yalifanikiwa."

"Yote?"

"Yote. Serikali haitoi ruzuku kwa walioshindwa."

"Kama yote yamefanikiwa, wanatupa ruzuku ya kutafiti nini?"

Akaanza kufagia sakafu iliyokwisha kung'aa. Shangazi, aliyekuwa ametoka kliniki muda huo, alisimama mlangoni na kibegi chake.

"Mwanangu," akasema, "huyu bwana kakutupia miaka sita, na bado ana ufagio mkononi!"

"Shangazi, nilitaka kumsaidia."

"Mficha uchi hazai, baba. Hilo hawafundishi huko chuoni?"

Nilimtazama mwanaume niliyekuwa nimebakiza wiki saba kufunga naye ndoa. Nilimpenda, siwafichi. Ndiyo maana nilimuuliza lile swali ambalo nilikuwa nalikwepa tangu aliponipeleka kwao.

"Mama yako ulimwambia nafanya kazi gani?"

"Kwa nini unauliza hivyo sasa?"

"Jibu."

Akaangalia chini, palipong'aa kwa kazi yake mwenyewe.

"Nilimwambia uko kwenye... sekta ya maji."

Shangazi akaguna. Mimi nilivua pete, nikaiweka rafuni kando ya maua ya plastiki.

"Kesho usije."

"Mpenzi, jina langu ndilo lililo kwenye fomu!"

"Nimesema usije."

Jioni ikaingia meseji yake: *Nisamehe. Ila kesho niache niongee mimi. Usipoteze nafasi kwa sababu ya hasira.*

Nikamjibu: *Jina lako limo kwenye fomu. Mikono yako haimo kwenye udongo.*

Jumatano wakaguzi walifika saa nne kamili. Walikuwa wawili, mama wa makamo mwenye miwani na viatu vilivyolika visigino, na bwana mmoja mwenye mkoba wa mihuri.

"Mtafiti Mkuu yuko wapi?" mama akauliza.

"Ndiye huyu."

Akatazama karatasi, akanitazama mimi.

"Na kumbukumbu za majaribio?"

"Ziko barabarani. Nifuateni."

Bwana wa mihuri akadhani ni mzaha. Nikawatangulia hadi barabara ya nyuma, nikapiga magoti kwenye lile shimo, nikaanza kuchomoa vigae kimoja baada ya kingine. Pikipiki ikapiga honi, nikaipungia mkono ipite pembeni.

"Namba themanini na tatu," nikasema na kufuta vumbi kwa khanga. "Udongo vikombe sita, unga vikombe vitatu. Kilipitisha lita tisa kwa saa. Hayo si maji ya kuchujwa, hayo yalipita matembezi. Namba tisini na moja, nikapunguza unga, kikapasuka tanurini kwa sababu niliharakisha moto. Soma hapa pembeni, nimeandika mwenyewe, 'haraka'."

Yule mama alikunja sketi yake, akapiga magoti kando yangu.

"Na hiki?"

"Mia moja na kumi na mbili. Hicho kilinifundisha kuchekecha unga mara mbili."

Tuliendelea hivyo, mimi nachomoa, yeye anasoma, mpaka kivuli cha mtu kikatuangukia. Msomi. Amevaa suti, jasho linamtoka.

"Samahani kwa kuchelewa," akasema. "Mimi ndiye..." Kisha akaona tulichokuwa tunafanya.

Mama akamnyooshea kigae. "Wewe ndiye Mtafiti Mkuu? Namba themanini na tatu ilishindwa kwa nini?"

Msomi alikigeuza kile kigae upande huu na upande ule. Nilimwona anatafuta sentensi nzuri, na anazo nyingi. Mwishowe akakirudisha.

"Sijui. Anayejua ni yeye. Na ni mimi niliyevitupa hapa."

Mama alisimama, akapangusa magoti.

"Basi nisikilizeni. Matokeo yaliyopambwa mnaweza kuyasahihisha kwa barua ya maelezo. Nimeona ya kutosha hapa, na ombi hili lina nafasi kubwa. Lakini jina la Mtafiti Mkuu halibadilishwi fomu ikishaingia. Utaratibu ndio huo. Ama mnaendelea kwa jina la huyu bwana, ama mnaliondoa ombi, msubiri dirisha lijalo la maombi, miezi mitano."

"Nitamwandikia mkataba!" Msomi akaruka. "Ruzuku yote yake, mimi ni jina tu! Mpenzi, kubali. Usiiache."

"Dada, fikiria," bwana wa mihuri akaongeza. "Kuna waombaji mia tatu wanaililia nafasi hii."

Nilifikiria, jamani. Nilifikiria tanuri langu lenye ufa ninaloliziba kwa udongo kila wiki. Nilifikiria mvua zinazokuja na maji machafu yake. Kisha nikajiona miaka miwili mbele, mtu anapiga simu, na mimi namwambia, subiri nikamwite Mtafiti Mkuu.

"Wapeni hao mia tatu," nikasema. "Nileteeni karatasi ya kuondoa ombi."

"Una hakika?"

"Nimefinyanga miaka sita bila ruzuku. Miezi mitano haitaniua. Ila kuwa kibarua kwenye kazi ya mikono yangu mwenyewe, hilo sitakubali, hata serikali ije na mihuri yake yote."

"Mpeni kalamu!" shangazi akapaza sauti kutoka uani.

Nilisaini juu ya mkoba wa yule bwana. Dole gumba langu liliacha alama ya udongo kando ya sahihi, naye hakuifuta.

Msomi alibaki pale shimoni. Sikumuaga.

Siku nne baadaye tulikuta gunia mlangoni. Ndani yake vigae vimeoshwa, vimefungwa kwenye magazeti, kila kimoja na namba yake. Kesho yake gunia lingine, na la tatu, na la nne. Hakubisha hodi hata siku moja.

"Yule mtu wako kachimba barabara," shangazi akaniletea habari. "Majirani walitaka kumpeleka kituoni. Imebidi abebe kokoto mwenyewe, alifukie shimo upya. Na ile suti kwisha habari yake."

"Si mtu wangu."

"Sawa. Basi yule mtu wa barabara."

Vikarudi vyungu mia moja tisini na vinane. Kumi na sita vilisagika kabisa. Dirisha la maombi lilipofunguliwa tena, fomu mpya niliijaza mwenyewe, kurasa zote thelathini na moja, kwenye duka la kuchapa, kwa vidole viwili. Penye Mtafiti Mkuu nikaandika jina langu. Penye majaribio yaliyoshindwa nikaandika mia mbili na kumi na nne, na kila kilichonifundisha. Wakaguzi wakaja tena, wakapita rafu moja baada ya nyingine.

Siku simu ilipolia, mikono yangu ilikuwa na udongo kama kawaida.

"Naomba kuongea na Mtafiti Mkuu."

"Unaongea naye."

"Ndiyo, mama. Hongera. Ombi lako limekubaliwa."

Nililia kwa sauti. Shangazi alidhani kuna msiba, akaja mbio bila kiatu kimoja.

Jioni ile Msomi alikuja kunipongeza. Alisimama nje ya mlango, amekonda kidogo, buti zina vumbi.

"Nimesikia," akasema. "Sikuja kuomba chochote. Nimekuja kusema hongera."

"Uongo. Umekuja kuomba."

Akacheka kwa aibu. "Nimekuja kuomba."

Nikachukua karatasi, nikaandika mistari mitatu, nikampa. *Jina la mwombaji. Kazi anayoiweza. Majaribio yaliyoshindwa: eleza yote, usifiche.*

Kesho yake asubuhi karatasi ilikuwa chini ya mlango. Kwenye kazi anayoiweza aliandika, "Kuosha vigae." Chini yake akaendelea:

*La kwanza: nilisoma kipengele cha saba nikaacha cha nane, kwa sababu sikuamini kinakuhusu. La pili: nilicheka. La tatu: nilifukia. La nne: sekta ya maji. Hili nimeshalirekebisha. Nimemwambia mama naomba kumuoa mfinyanzi, naye anauliza chujio lake anapata lini.*

Niliisoma mara tatu. Shangazi aliisoma mara moja, begani kwangu, akasema mwandiko si mbaya. Pete ilikuwa bado rafuni, pembeni ya namba mia mbili na kumi na nne. Niliitazama, nikaiacha palepale. Kisha nikachukua simu.

*Ombi lako limepokelewa. Halijaidhinishwa. Majaribio yanaanza Jumamosi saa moja asubuhi. Njoo na zile buti.*

Jibu likarudi kabla sijaiweka simu chini:

*Asante! Nimepewa nafasi gani?*

Nikafuta udongo kwenye kidole, nikaandika polepole ili nisikosee hata herufi moja:

*Fundi msaidizi.*