Neno la Kwanza Tu

Figonje iliamka yenyewe saa mbili kamili asubuhi. Ilijikung'uta kama kuku aliyetoka kuoga vumbi, ikatembea kwa miguu yake minne mifupi kutoka ubavuni mwa kabati hadi kando ya kitanda cha Zena. Haikuwa kubwa kuliko sanduku la safari. Ilinyoosha mkono mwembamba, ikapapasa ndani ya kiwiko, ikaupata mshipa bila kubahatisha. Zena hajamaliza kupiga mwayo, damu yake imeshaanza kuzunguka kwenye mirija, inaingia chafu, inatoka safi.

Ndiyo maana ikaitwa figonje, figo ya nje. Morogoro ya miaka hiyo hakukuwa tena na mtu wa kulala hospitali kwa ajili ya figo. Mashine kubwa za zamani, zile za kulazwa pembeni yake nusu siku, Wizara ilikuwa imeziuza zote kama chuma chakavu siku zilipoingia figonje. Kulikuwa na sherehe, kulikuwa na ngoma, na wakubwa walikata utepe. Kila mgonjwa alipewa ya kwake nyumbani, ya Kampuni ya Uzimatele, ikiwa na sauti ya mwanamke mpole inayomwita kila mtu kwa jina lake.

Banzi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, anaitazama kama mtu anavyomtazama nyoka aliyeingia ndani ya nyumba yenye mtoto mchanga.

"Shemeji, utaitoboa kwa macho," Zena alisema.

"Laiti ingetoboka."

"Itoboke mimi nife?"

Zena alikuwa mdogo wake marehemu Mwantumu, mke wa Banzi. Ugonjwa ulikuwa mmoja, wa ukoo wao, na mashine zilikuwa za aina moja. Figonje ya Mwantumu ndiyo iliyomuua, miezi kumi na moja iliyopita. Si kwa kuharibika, na hapo ndipo Banzi alipokuwa anashindwa kulala. Ilikuwa nzima kabisa. Iligoma tu.

Kila baada ya miezi sita figonje humuuliza mgonjwa, au yeyote aliye karibu naye, kama bado wanaitaka huduma. Siku ile Mwantumu alikuwa amesinzia. Banzi, fundi wa kutengeneza cherehani, alikuwa pembeni ameinamia cherehani ya jirani. Mashine ikauliza, yeye akajibu kuwa wanataka, ikasema ahsante. Ikamaliza kazi ya siku hiyo vizuri. Siku ya zamu iliyofuata haikuamka. Banzi aliipiga makofi, akaibembeleza, mwisho akachukua bisibisi. Kufungua figonje ni jinai. Ilipiga king'ora, na kesho yake akaja kijana wa Mamlaka ya Mashine za Tiba kumnyang'anya kibali chake cha ufundi. Ombi jipya la huduma, akaambiwa, litachunguzwa kwa siku kumi za kazi. Mwantumu alivimba miguu, akavimba uso, na siku ya nane akafa akiwa anaomba maji ambayo daktari alikuwa amekataza asipewe.

Kwenye faili waliandika: Familia ilikataa huduma.

"Mimi nilikataa?" Banzi aliwahi kuwauliza makarani wa Mamlaka pale dirishani. "Mimi, mume wake?"

"Mfumo ndivyo unavyosema, mzee."

"Basi nionyesheni huo mfumo."

"Ni mali ya Kampuni."

Sasa kesho kutwa, Alhamisi, ilikuwa zamu ya Zena kuulizwa kwa mara ya kwanza. Aulizwe nini, ajibu vipi, hakuna aliyejua. Banzi alikuwa amejibu vizuri na mashine ikaua. Zena hata usiku alikuwa akiota anaulizwa, anakosa ulimi.

"Kesho barazani watasema," Banzi alimwambia. "Wasiposema, mimi sitoki mle ndani."

* * *

Baraza la Mamlaka ya Mashine za Tiba lilikaa kwenye ukumbi wenye baridi ya mashine, wakati nje watu wanaungua na jua. Mwenyekiti alikuwa Dokta Malimi, mwanamume mnene mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa. Upande wa Kampuni alikaa Bwana Kivuyo, suti nyepesi, viatu havijawahi kukanyaga tope. Ukutani kulikuwa na kinasabaraza, mashine inayosikiliza maneno ya kikao na kuandika muhtasari wake kwenye kioo kikubwa, kila mtu asome. Nayo ilikuwa ya Uzimatele. Siku hizo hata vitasa vya vyoo vya serikali vilikuwa vya Uzimatele.

Banzi alikuja na Bi Nanzia wa Umoja wa Programu Huria. Huyu mama alikuwa ameandika programu miaka ishirini, na ndiye pekee aliyeweza kumweleza Banzi mambo hayo akaelewa.

"Mzee wangu, cherehani ikikata uzi unafanyaje?" alimuuliza siku ya kwanza.

"Nafungua kifuniko, naangalia uzi unapita wapi."

"Basi programu huria ni yenye kifuniko kinachofunguka. Mtu yeyote anaangalia uzi unapita wapi, anarekebisha, na anampa jirani. Hizi za Kampuni kifuniko kimechomelewa. Wao tu ndio wanaojua ndani kuna nini, na ukigusa wanakufunga."

"Na serikali nayo haijui?"

"Serikali ilibonyeza 'Nakubali' kama wewe na mimi tunavyobonyeza. Bila kusoma."

Banzi alicheka siku ile, kicheko kibaya. Wamesoma mpaka Ulaya, akasema, halafu wanabonyeza kama mimi wa darasa la saba.

Dokta Malimi alifungua faili. "Mzee Banzi, pole sana kwa msiba. Lakini kumbukumbu iko wazi. Bwana Kivuyo, tusikilize sauti."

Ukumbi ukajaa sauti ile pole ya kike. *Mwantumu Mloka, hamtaki kuendelea na huduma?*

Halafu sauti ya Banzi mwenyewe, kubwa, kutoka mbali kidogo, na cherehani inalia nyuma yake. *Hapana.*

Halafu: *Ahsante. Jibu lako limepokelewa.* Kimya.

Miezi kumi na moja Banzi alikuwa ameapa mbele za watu, ameapa kaburini, kwamba alisema wanataka. Na kumbe sauti ni yake. Hapana. Kama mtu anayefukuza mchuuzi mlangoni.

"Umesikia, mzee," Dokta Malimi alisema, taratibu. "Hakuna aliyekusingizia."

"Na baada ya hapo?" Bi Nanzia alidakia. "Sauti imekatwa."

"Haijakatwa," alijibu Bwana Kivuyo. "Mfumo huchukua neno la kwanza tu. Ndiyo au hapana. Baada ya hapo sikio linafungwa, kulinda faragha ya mteja."

"Faragha!" Bi Nanzia aliguna.

Lakini Banzi hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa anairudia ile sauti kichwani, swali na jibu, swali na jibu, kama anavyozungusha gurudumu la cherehani kwa mkono kutafuta jino linalokwama. Hamtaki kuendelea? Hapana. Hamtaki? Hapana, tunataka, bwana wee! Ndivyo alivyosema. Sasa alikumbuka hadi ile "bwana wee". Wewe ukiulizwa hujala, na umekula, utajibu nini?

Akasimama. "Mheshimiwa mwenyekiti, nina swali moja."

"Uliza, mzee."

"Mama yako yu hai?"

Watu wakatazamana. "Alifariki," Dokta Malimi alisema. "Mwaka juzi."

"Mungu amrehemu. Nimesikia hukwenda kumzika."

"Hapana!" Dokta Malimi alipiga meza, uso umemwiva. "Nani kasema? Nimemzika kwa mikono yangu, kaburini nimeshuka mwenyewe! Hii ni adabu gani?"

Banzi hakumjibu. Alinyoosha kidole ukutani.

Kwenye kioo, kwa herufi kubwa nzuri, kinasabaraza kilikuwa kimeandika: *Mwenyekiti amethibitisha kuwa hakwenda kumzika mama yake.*

Karani mmoja nyuma alianza kucheka, akajiziba mdomo.

"Futeni hiyo," Dokta Malimi alisema.

"Kwa nini ifutwe?" Banzi aliuliza. "Mfumo ndivyo unavyosema. Neno lako la kwanza limepokelewa. Wewe uliniambia kumbukumbu iko wazi. Nami nasoma kumbukumbu iko wazi. Hukumzika mama yako!"

"Mzee Banzi, kaa chini."

"Sikai! Mke wangu kakaa chini ya ardhi kwa neno hilohilo! Mashine imetengenezwa na watu ambao kwao ukiulizwa hutaki, 'hapana' maana yake sitaki, ikaletwa hapa, ikafundishwa Kiswahili cha kukariri, na nyie mliosoma mkaipokea kwa ngoma. Kulikosekana mtu mmoja wa kuiuliza? Mpishi? Mfagizi? Mtoto wa chekechea angewaambia!"

Bi Nanzia alisimama taratibu pembeni yake. "Mwenyekiti, kama programu ingekuwa huria, sentensi hii ingeonekana siku ya kwanza. Tuliomba kuisoma mara sita. Mara sita mlitujibu ni siri ya kibiashara. Namuuliza Bwana Kivuyo kitu kimoja. Ni familia ngapi nchini zimeandikwa kuwa zilikataa huduma?"

Bwana Kivuyo alitazama kibao chake. Akatazama tena. "Mia nne na kumi na moja."

"Na mlidhani ni nini? Kwamba watu mia nne na kumi na moja wamechoka kuishi?"

"Tulidhani," alisema Bwana Kivuyo, na kwa mara ya kwanza hakuonekana mtu wa Kampuni, alionekana mtu tu, "tulidhani ni mila."

Baraza lilitoka kushauriana, likarudi baada ya nusu saa. Uamuzi ukasomwa. Jina la Banzi lisafishwe. Kampuni irekebishe swali hilo. Kuhusu kufungua programu yote isomwe na umma, Baraza halina mamlaka hayo, kwa mujibu wa mkataba.

"Marekebisho yatachukua siku tisini," alisema Bwana Kivuyo. "Ni mfumo mkubwa. Kuna wahandisi wengi, kuna hatua."

"Shemeji yangu anaulizwa kesho," Banzi alisema.

"Basi mwambieni ajibu ndiyo."

* * *

Alhamisi saa mbili asubuhi Banzi alikuwa keshafika. Zena alikuwa amejifunga kanga mbili, kama mtu anayesafiri.

"Narudia," Zena alisema. "Ikisema hutaki, nasema ndiyo."

"Ndiyo. Halafu unanyamaza. Usiongeze neno, usikohoe."

"Hutaki, ndiyo. Hutaki, ndiyo. Shemeji, hata mdomo unakataa. Ni kama najitukana."

"Jitukane upone."

Figonje ilijikung'uta, ikatembea, ikapapasa, ikachoma. Damu ikaanza mwendo wake. Taa yake ndogo ikawa ya njano, ndipo wote wawili wakajua.

*Zena Mloka,* ilisema kwa upole uleule, *unataka kuendelea na huduma?*

Zena alimgeukia Banzi, macho yamemtoka. Swali halikuwa lile. Siku tisini zilikuwa hazijapita hata siku moja. Kama wamebadilisha swali, jibu limebaki vilevile, au nalo wameligeuza? Banzi alifungua mdomo, akaogopa neno lolote litakalotoka lisije likawa ndilo la kwanza. Alitikisa kichwa juu chini, kwa nguvu, mara tatu.

"Ndiyo," Zena alisema, kwa sauti ya mgonjwa wa homa.

*Ahsante. Huduma yako inaendelea kwa miezi sita.* Taa ikawa ya kijani.

Zena aliangua kilio, kisha kicheko, vyote pamoja. "Imekubali! Shemeji, imekubali! Wameibadilisha, na walisema siku tisini!"

Banzi alikuja akachuchumaa mbele ya mashine. Hakuwahi kuiongelesha tangu msiba. "Wewe," alisema. "Hilo swali limebadilishwa lini?"

*Sentensi moja imerekebishwa jana, saa kumi na nusu jioni.*

"Na kazi hiyo imechukua muda gani?"

*Dakika nne.*

Kicheko cha Zena kilikatika.

Banzi alibaki amechuchumaa. Dakika nne. Yeye kutundika uzi kwenye cherehani mbovu humchukua zaidi ya hapo. Mtu mmoja, sehemu fulani, alikaa kitini, akafuta neno, akaandika neno, akanyanyuka kwenda kunywa chai. Angeweza kufanya hivyo mwaka jana. Angeweza kufanya hivyo siku yoyote kati ya zile nane, wakati Mwantumu anavimba. Hawakushindwa. Hawakuwa na mtu wa kuwasimamia, basi. Na waliopaswa kuwasimamia walikuwa wameshabonyeza 'Nakubali', wameketi kwenye baridi.

"Iulize," alimwambia Zena. "Iulize ina sentensi nyingine ngapi."

Zena aliigeukia mashine. "Una sentensi nyingine ngapi za kutuuliza?"

*Taarifa hiyo ni mali ya Kampuni.*

"Wametuibia hata maswali tunayoulizwa," Banzi alisema.

Alivuta kigoda, hakukiweka mlangoni tena, alikiweka pale pale kati ya kitanda na mashine, magoti yakigusa ubavu wake wa plastiki. Alimwandikia Bi Nanzia ujumbe kwa herufi zake kubwa za darasa la saba: *Dakika nne. Nahitaji majina ya wale mia nne na kumi na moja. Nitakwenda kwao mmoja mmoja.* Halafu akakunja mikono, akasubiri damu ya Zena iishe kuoshwa, akiisikiliza kila sauti inayotoka mle ndani, kama mtu aliyefungiwa chumba kimoja na mwizi, na funguo anazo mwizi.